Mbwa wa Kumrudisha Hilaria

Jumatatu, 14 Julai

Mke wangu Hilaria bado yuko Kang'ata, huko wilaya ya Handeni, kwa dada yake. Mwanetu Godlisten yuko shule ya bweni. Nyumba kimya. Nimekunywa chai ya rangi peke yangu, bila hata mtu wa kuniambia nimezidisha sukari.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomi mtu. Mwizi aliingia. Mimi nikaingia uvunguni. Nia yangu ilikuwa kumvizia. Mtu ataviziaje akiwa amesimama katikati ya chumba? Lakini Hilaria hakunisubiri. Alichukua mwiko wa ugali, akamtimua mwizi mpaka barabarani, akarudi, akainama, akaniuliza kama nahitaji mto.

Asubuhi yake akafunga mkoba. Pale mlangoni, mtaa wetu wote wa Manundu hapa Korogwe ukisikia, akasema hatarudi mpaka nyumba hii iwe na mwanaume au mbwa.

Nimetafakari sana. Nimechagua mbwa. Ni njia ya haraka.

Tatizo ni moja tu: naogopa mbwa! Hilaria hajui. Miaka yote tukikutana na mbwa njiani huwa nakumbuka ghafla kwamba nimeacha kitu nyumbani. Anadhani nina usahaulifu.

Obadia wa nyumba ya pili keshapata habari zote. Yeye Mzigua. Mimi babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge, kwa hiyo ni Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani. Maana yake Obadia anaweza kunisema mbele za watu, anaweza hata kuingia uani na kuondoka na kuku wangu, na mimi natakiwa nicheke. Leo amerusha mto juu ya uzio wa michongoma. Mto mzuri, una foronya. Akasema ni kwa ajili ya wageni wa uvunguni. Nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikakosa hamu ya kula.

Jumanne, 15 Julai

Bahati! Daktari Abraham, yule wa mifugo, amehamishiwa Songea na hawezi kwenda na mbwa wake. Anao wawili. Mimi ndiye dalali niliyempatia ile nyumba ng'ambo ya reli, kwa hiyo ananipa mmoja, na nachagua wa kwanza. Nikaenda mbio.

Wa kwanza ni jamii ya Gredeni, yale majibwa marefu ya Kizungu, anaitwa Kamishna. Nilipoingia sebuleni nilidhani ni kochi lililofunikwa shuka la kijivu. Kochi likasimama! Kichwa kilifika kifuani kwangu. Nikakumbuka ghafla nimeacha kitu nyumbani. Daktari akanishika mkono kwa upole, akasema huyu hana neno.

Wa pili ni chiwawa, rangi ya karanga, mkanda mwekundu shingoni, anaitwa Pipi. Anaenea kwenye kapu la sokoni na nafasi ya nyanya inabaki. Pipi alinitazama, akapiga chafya, akaanguka kwa nguvu ya chafya yake mwenyewe. Moyo wangu ukatulia hapohapo.

Daktari akasema nichague mpaka Ijumaa. Yule nitakayemwacha ameshapata mwenyewe. Nikauliza nani. Akasema jirani yako Obadia.

Mungu wangu! Nikimchukua Pipi, jibwa lile linahamia nyuma ya michongoma yangu. Nikimchukua Kamishna, linahamia nyuma ya mgongo wangu. Jasho limenitoka mpaka soksi.

Nimempigia Mzee Yordani, mwenye nyumba wangu, anakaa Handeni mjini. Shikamoo mzee, marahaba, nikamuuliza kuhusu mbwa. Akasema ng'ombe hapana, mbuzi hapana, mbwa ruksa, ila awe na ukubwa wa mbwa. Hakufafanua. Nami sikuthubutu kuuliza.

Jioni nimempigia Hilaria. Nikamuuliza anataka mbwa mkubwa au mdogo. Akaniuliza nakula nini siku hizi. Nikamwambia tusitoke kwenye mada. Akashusha pumzi, akasema basi mbwa wa kuonekana. Simu ikachukuliwa na dada yake, shemeji Faudhia. Nilimwamkia. Akaitikia, halafu akauliza kama magari ya kutoka Korogwe kwenda Handeni bado yapo au yameacha kutembea. Nikamhakikishia yapo tele, Hilaria asiwe na wasiwasi, siku akitaka kurudi usafiri atapata. Shemeji alitoa mguno mrefu sana. Nadhani ana pumu.

Jumatano, 16 Julai

Kamishna ameletwa kwa majaribio. Siku mbaya.

Habweki. Haumi. Tabia yake ni kuegemea. Anakuja taratibu, anageuka ubavu, anakuachia uzito wote. Asubuhi aliniegemea ukutani nikakaa pale mpaka chai ikapoa. Nilikuwa natetemeka vibaya, na yeye nadhani alifurahia kutetemeshwa, maana alifumba macho.

Nilipika ugali wa dona na dagaa sufuria nzima. Akala. Akamaliza changu. Akanywa ndoo yangu ya kuogea. Kisha akapanda kitandani, upande wa Hilaria, na upande wangu, na sehemu ya katikati.

Mimi nikaenda kukaa juu ya pipa la maji uani. Kuna hewa nzuri pale. Obadia akachungulia juu ya michongoma. Akasema zamani Wanyamwezi mlibeba mizigo kutoka bara mpaka pwani, na leo mzigo umekubeba wewe mpaka juu ya pipa. Nikamjibu kwamba Wazigua walikuwa wakituona tunapita wanajificha vichakani, ndiyo maana mpaka leo wanachungulia. Jibu zuri! Ila lilipungua nguvu kwa kuwa Kamishna alitoka nje wakati huohuo na sauti yangu ikapanda ghafla kama ya msichana wa kwaya.

Lekishon akapita na maziwa yake. Huyu ni kijana wa Kimasai anayeleta maziwa kutoka upande wa Handeni. Akamsifu Kamishna. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia bado yuko Kang'ata, nashughulikia. Akasema kwao mke akienda kwa ndugu zake kwa hasira, mume anachukua fimbo yake anamfuata. Nikamwambia mimi sina fimbo.

Lekishon akanimiminia maziwa, akaongeza kidogo ya bure. Sikuelewa kwa nini.

Alhamisi, 17 Julai

Zamu ya Pipi. Siku ya raha!

Nimetembea naye sokoni ndani ya kapu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimepita mjini na mbwa bila kukumbuka nimesahau kitu. Mama mmoja wa mchicha akauliza huyu ni mbwa au ni sampuli. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Lakini njiani nikaanza kufikiri. Hilaria alisema mbwa wa kuonekana. Pipi haonekani mpaka uelekezwe.

Nikirudi na sampuli, Hilaria hatarudi kabisa. Najua. Khanga yake bado inaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani na kila nikiipita naiweka sawa. Nimemkumbuka mpaka naogopa kuandika.

Ndipo wazo likanijia. Picha!

Nikamsimamisha Pipi juu ya karai lililofudikizwa, nikalificha kwa majani. Mimi nikalala kifudifudi chini, simu ikielekea juu. Kwa nyuma, mbali kabisa, mbuzi wa Obadia alikuwa anakula majani. Kwenye picha Pipi ametanda angani. Mbuzi anamfika kwenye kifundo cha mguu! Hata mimi mwenyewe niliogopa kidogo. Nikamtumia Hilaria kwa WhatsApp, nikaandika: Mlinzi wako.

Jibu likaja upesi. Amesema kumbe Baba Godlisten ukitaka unaweza. Anarudi Jumapili!

Nilirukaruka uani. Nilimbusu Pipi. Kisha nikakaa chini pole pole. Jumapili Hilaria atashuka kwenye gari akitegemea kumwona mnyama anayekanyaga mbuzi.

Nimefanya nini mimi?

Ijumaa, 18 Julai

Sikupata usingizi. Alfajiri nikaamka na mpango. Mzuri mno. Nauandika wote ili nisisahau uzuri wake.

Nachagua Pipi. Obadia anachukua Kamishna, anamlisha, anaegemewa. Jumapili asubuhi Obadia yuko kanisani. Mimi naingia uani kwake, namchukua Kamishna, kwa utani! Mtani akichukua kitu cha mtani si wizi. Mwenye mali atakuja kukikomboa kwa jogoo au kwa maneno matamu, wazee watacheka, mambo yamekwisha. Mwaka jana kwenye msiba wa shangazi yake niliondoka na kiti cha Obadia mbele ya ukoo wote, na walinipigia makofi.

Basi Hilaria anashuka, anamwona Kamishna, anaingia ndani, anapika. Jioni Obadia anakuja kumkomboa mbwa wake. Hilaria keshafungua mkoba. Mwanamke akishafungua mkoba hafungi tena kwa sababu ndogo. Rangi haifanani na ya kwenye picha, lakini nitasema simu yangu ina kamera mbovu.

Kasoro ya mpango huu ni moja. Itabidi nimshike kamba.

Nimemwambia Daktari nachagua Pipi. Akashangaa, akasema alifikiri mwenye shida ya wezi ni mimi. Obadia alikuja kumchukua Kamishna akatabasamu mpaka masikioni. Akaniuliza hivi Mnyamwezi, mama watoto anarudi lini. Nikasema Jumapili. Akasema vizuri. Namna alivyosema vizuri haikunipendeza.

Jumamosi, 19 Julai

Daktari ameondoka. Fuso ilipopakia vitu vyake, watu wa mtaa wakaja kuaga, Obadia akaja na Kamishna. Daktari alimshika kichwa kwa mikono miwili, akafuta miwani. Gari lilipoondoka Kamishna alisimama katikati ya barabara mpaka vumbi likatua. Obadia alimvuta, hakwenda. Ikabidi watu wanne wasaidie.

Mimi niligeuka kuangalia reli. Nilikuwa na kitu jichoni.

Mchana nimefanya usafi. Nimepiga deki, nimefua, nimeuweka mto wa Obadia kwenye kochi uonekane ni wetu. Nimefanya mazoezi ya ujasiri: nimesimama kwenye michongoma nikampa Kamishna dagaa kupitia tundu. Ulimi wake una joto! Nilikimbia mpaka jikoni. Baadaye nikarudi nikampa mwingine, nikakimbia mpaka mlangoni tu. Maendeleo.

Shemeji Faudhia amenipigia. Anauliza kwa mara ya mwisho kama sina safari yoyote. Nikamwambia sina, nipo nyumbani kabisa, namsubiri mke wangu. Mguno tena. Wamnunulie dawa.

Kesho.

Jumapili, 20 Julai

Aibu tupu. Naandika mkono ukiwa umefungwa kitambaa.

Obadia alitoka na Biblia yake, nikahesabu hatua zake mpaka akapinda kona. Nikamwacha Pipi kwenye kapu mlangoni. Nikaingia uani kwa Obadia, nikatangaza kwa sauti, utani jamani, utani, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia zaidi ya mbuzi. Kamishna akasimama. Nikarudi nyuma mpaka kwa mbuzi, lakini nikafikiria khanga ya Hilaria nikamfunga kamba. Nikaizungusha kamba kwenye kiganja mara kadhaa, isije ikanichomoka. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilikusudia kwenda stendi. Kamishna alikuwa na mipango yake. Alitoka getini, akaelekea reli, na mimi nyuma yake, wakati mwingine kwa miguu, wakati mwingine kwa tumbo. Waumini waliochelewa walitupisha. Mama wa mchicha akapaza sauti kuuliza kama sampuli imekua.

Tulivuka reli. Akaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya Daktari. Mlango una kufuli. Akaunusa chini, akaunusa juu, akakaa pale kizingitini akiutazama. Nikavuta kamba. Nikabembeleza. Nikamwambia Daktari yuko Songea, ndugu yangu, Songea ni mbali. Hakusogea. Kamba ilikuwa imenikaza mkono na fundo halifunguki.

Nikasikia honi upande wa stendi. Gari la Handeni! Hilaria anashuka na hakuna mtu wa kumpokea, hakuna mbwa, hakuna mwanaume. Nikakaa chini kizingitini. Nililia. Naandika kama ilivyokuwa: nililia kwa sauti. Kamishna akageuka, akaniegemea, nami nikamwegemea, tukakaa hivyo. Sikumbuki kama nilimwogopa. Nafasi haikuwepo.

Kisha nikasikia kicheko ninachokijua.

Hilaria alikuwa amesimama na mkoba wake. Kando yake Obadia, Biblia kwapani, kapu langu mkononi, Pipi anachungulia. Kumbe kanisani hakwenda! Alizunguka nyuma ya nyumba, akamchukua Pipi kwa utani, akaenda stendi kumpokea mke wangu. Alimwonyesha Pipi akasema shemeji, mlinzi wako huyu hapa. Hilaria aliutambua mkanda mwekundu wa kwenye picha. Obadia anasema alicheka mpaka kondakta akauliza kama ni mgonjwa. Mama wa mchicha ndiye aliyewaelekeza nilikoburutwa.

Lakini mbele yangu hakucheka muda mrefu. Alipiga magoti akaanza kulifungua fundo. Aliona macho yangu. Akaniuliza taratibu tangu lini naogopa mbwa. Nikasema siogopi. Akaendelea na fundo.

Halafu akasema, na haya nayaandika kama alivyoyasema: "Baba Godlisten, mimi sikutaka mbwa. Yale yalikuwa maneno ya hasira. Nimekaa Kang'ata kila gari likisimama natoka nje kuangalia kama umekuja kunichukua. Faudhia kapika vyakula vya kumpokea shemeji mpaka kachoka. Muone huyu mnyama. Kaachwa jana tu, leo keshamfuata mtu wake mpaka mlangoni. Na hana nauli."

Obadia akageuka kutazama pembeni. Pipi akapiga chafya. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini kamba bado ilikuwa mkononi ningeshuka na Kamishna.

Tumerudi wote nyumbani. Hilaria ndiye aliyeamua mbele ya michongoma: Kamishna abaki kwetu, Pipi aende kwa Obadia. Obadia akakubali upesi, kumbe mke wake naye anaogopa mbwa wakubwa. Kama malipo ya kumwachia Kamishna hakutaka jogoo. Alitaka mto wake. Tulipoingia kuuchukua, Kamishna alikuwa ameshaulalia. Obadia akasema basi, ataudai kwenye msiba wangu.

Hilaria amepika. Amenipakulia kwanza mimi, kisha mbwa. Nimelala kwenye benchi, lakini amenifunika khanga yake.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi nzuri. Chai ina maziwa. Lekishon alimwona Hilaria akafurahi, akaniuliza kama nilimfuata. Nikamwambia nilimfuata kwa akili. Leo hakuongeza maziwa ya bure.

Nimefikiri sana juu ya yaliyotokea na nimelijua kosa langu. Karai lilikuwa fupi. Na mkanda ungetolewa kabla ya kupiga picha.

Mchana simu. Mzee Yordani! Kuna mtu kamwambia nafuga ndama sebuleni. Nikamwambia si ndama mzee, ni mbwa. Akauliza mbwa mwenye ukubwa gani. Nikasema wa kawaida. Akasema nimtumie picha leo, na nikichelewa anapanda gari aje kuona mwenyewe. Tukitolewa hapa tutakwenda wapi?

Lakini akili ya dalali hailali. Nimepanda juu ya pipa na simu. Ukimpiga picha Kamishna kutoka juu kabisa, miguu haionekani. Nimemwekea pembeni sufuria kubwa kuliko zote, na karai, ili aonekane mdogo. Anatoka kama sungura! Inabidi tu niinuke kidogo zaidi, pengine nipate ngazi ya Obadia.

Hilaria ametoka, amesimama mlangoni, mkono kiunoni, ananitazama. Akauliza kama nimesahau aliyoniambia jana pale kwa Daktari. Nikamwambia nayakumbuka yote, neno kwa neno. Akasema basi nishuke nimwambie Mzee Yordani ukweli, kwa sababu akirudi Kang'ata safari hii atakaa sana, na mimi najua ninachotakiwa kufanya.

Najua, ndiyo. Safari hii mbwa peke yake hatamrudisha. Tayari nimemuuliza Obadia kuhusu paka.